Kambale wa Redempta

Wiki tatu nzima Mathias alimtafuta samaki mmoja tu, na asubuhi ya mwisho ilimkuta ndoo yake ina maji matupu.

Si kwamba bwawa halikuwa na samaki. Vitoto vya kambale vilijaa pembezoni, vya urefu wa kidole, vya kuchezewa na watoto wanaochota maji. Hivyo havikumsaidia. Bwana Adolfu, ofisa aliyekuja kutoka mjini na faili lake, alikwisha kuvikataa mapema. "Kambale wadogo huletwa na mvua," alisema. "Hata kwenye mtaro wa barabara wamo. Hao si ushahidi wa kitu."

Faili la Bwana Adolfu lilisema kwamba bwawa la kijiji limetelekezwa. Hakuna kikundi kinacholitunza, hakuna samaki waliopandwa, hakuna mradi. Na kitu kilichotelekezwa, kwa akili ya faili, hupewa anayekihitaji. Naye alikuwa ameshapatikana, kampuni moja ya maparachichi iliyotaka kuzungusha uzio na kufunga pampu. Mtu yeyote wa Ufipa mwenye umri wa kukumbuka angekueleza habari hiyo inavyokwenda. Kwanza wanakuandika kuwa hupo, halafu wanakuja kuchukua mali ya mtu asiyekuwepo.

Bwawa lenyewe lilichimbwa kwa majembe mwaka wa sabini na saba, watu walipokuwa wamehamishwa kutoka vitongoji vyao na kubwagwa mahali pasipo maji. Mzee Kasimiri, baba yake Mathias, alibeba karai la udongo kichwani misimu miwili, mpaka nywele za utosini zikakatika zisiote tena. Alizikwa na kipara hicho. Ofisa wa wakati ule alikuja siku moja tu, siku ya kupiga picha.

Na samaki walipandwa. Miaka tisa iliyopita wanawake kumi na mmoja, Redempta mke wa Mathias akiwa mbele, waliteremka bonde la Rukwa wakarudi na kambale wazazi thelathini ndani ya ndoo zilizofunikwa magunia mabichi. Walipanda mlima wa kurudi Ufipa kwa miguu siku mbili, wakibadilisha maji kila kijito. Kambale kumi na tisa walifika hai. Redempta akachukua mkasi wake wa cherehani, akamkata kila mmoja kona ya juu ya mkia, mpaka kwenye nyama, ili pezi lisiote tena. "Mwizi akimvua huyu," alisema, "soko zima limjue ni wa nani." Hakuna aliyewaza kwamba mwizi atakuja na faili.

Kwenye mkutano wa kwanza Mathias alisimama akayasema hayo yote. Bwana Adolfu akamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Nyaraka za kikundi ziko wapi, mzee?"

"Daftari lilikuwa kwa katibu, Mama Luciana. Limeliwa na mchwa."

Watu walicheka, na Bwana Adolfu akacheka nao, maana hakuwa mtu mbaya wa kununa. "Basi samaki mwenyewe aje atoe ushahidi. Mkubwa, mwenye hiyo alama ya mkasi. Mkinionyesha huyo, ule mstari wa 'limetelekezwa' naukata kwa kalamu hii hii mbele yenu. Jumanne, saa nne asubuhi."

Ndiyo maana Mathias alikuwa akivua. Huo ndio mzigo wenyewe wote: samaki mmoja, mkia mmoja, kabla ya saa nne.

Wengine walijaribu naye siku nne tano, wakachoka. Ilikuwa mwezi wa sita, baridi ya Ufipa imeshika, na kambale kwenye baridi hujichimbia tope akala kwa nadra. Mathias hakuchoka. Isije ikadhaniwa alikuwa na moto moyoni. Tangu azikwe Redempta, mwaka juzi, kitu kilikuwa kimemzimika ndani. Hakulia siku ya mazishi wala ya arobaini. Akiwekewa chakula alikula, watu wakicheka naye alicheka, akiwa nyuma yao kidogo, kama mtu anayefuata wimbo asioujua. Alivua vivyo hivyo. Kila alfajiri miguu ilimpeleka, mikono ikafunga chambo cha sabuni, naye akakaa juu ya jiwe kutazama mshipi unavyoingia majini.

Jumanne hiyo ukungu ulikuwa bado umelala juu ya matete alipotokea Mayunga na ng'ombe wake upande wa pili. Mayunga alihama na familia yake kutoka upande wa Shinyanga miaka kumi na minne iliyopita, na ng'ombe wake hawakuwa na maji mengine karibu. Alizunguka bwawa akamfikia Mathias, akatoa mfuko wa plastiki ndani ya koti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nimekuletea maini ya mbuzi. Ile sabuni unayowatupia kila siku, samaki wamekwisha kuoga wakatakata. Sasa wana njaa."

"Maini yote haya? Si yangekuwa mboga nyumbani kwako?"

"Mboga atakuwa yeye."

"Huyu haliwi. Huyu anakwenda mkutanoni."

"Basi mvalishe koti, huko mkutanoni kuna baridi."

Mathias alicheka, amechelewa kidogo. Akakata ini, akalivika kwenye ndoano kubwa, akatupa. "Wewe huji?" aliuliza.

"Nije kama nani? Jina langu linashughulikiwa. Mwenyekiti wa kwanza alilishughulikia, wa pili akalishughulikia, huyu wa sasa naye analo mkononi. Nikija nitaambiwa mkutano ni wa wanakijiji." Mayunga alitema mate pembeni. "Ng'ombe wangu ndio wanakijiji. Wao hawaulizwi kadi."

Akarudi kwa ng'ombe wake. Mathias akabaki na mshipi kidoleni. Vidole havikuwa na hisia kwa baridi. Ilibidi autazame mshipi ndipo ajue kama bado ameushika.

Ilikuwa imepita saa mbili na nusu hivi alipoona mshipi unakwenda. Haukushtuka, ulikwenda tu, taratibu, kama mtu anayeondoka zake bila kuaga. Mathias akausubiri mpaka ukakaza. Ndipo akavuta.

Upande wa pili wa mshipi kulikuwa na uzito ambao hajapata kuushika maishani. Samaki hakuruka. Alizama, akauelekea mti uliooza katikati ya bwawa, na Mathias akaingia majini mpaka magotini kumfuata, akiulegeza na kuuvuta, akiulegeza na kuuvuta, mshipi umezungushwa kiganjani mara mbili. Ng'ambo ya pili Mayunga aliona mgongo wa mzee unavyopinda, akaacha ng'ombe.

"Mzee! Ni yeye?"

Mathias aliulegeza mshipi tena.

"Usimvute kwa hasira! Mchoshe! Nakuja!" Akaanza kukimbia juu ya tuta, kanda mbili moja ikabaki njiani.

Walishindana muda ambao Mathias hakuweza kuueleza baadaye. Mwisho samaki alikubali kuja. Alikuja amelala ubavu, kichwa kipana kama jembe jipya, ndevu zake zikiburuta juu ya maji, urefu wa mtoto wa miaka minne. Akafika kwenye matete. Akajigeuza mara moja kwa uvivu, na mkia ukatoka nje ya maji.

Kona ya juu haikuwepo. Ilikuwa imekatwa moja kwa moja, mkato wa mkasi mkali, na mahali pa mkato palikuwa na kovu jeupe.

Mathias aliutazama mkia ule. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika mshipi. Wa kulia ulikuwa umeanza kwenda kwenye matamvua, mahali ambapo ukimshika kambale hana ujanja tena. Ilibaki shibiri moja. Moyoni mwake hakukuwa na furaha wala hofu. Alijua tu kwamba kazi inakwisha.

"Mwanangu, habari za kuamka?"

Sauti ilitoka juu ya tuta, nyuma yake. Ilikuwa ya Bibi Coleta, mama yake Redempta, mama mkwe wake, aliyepitia hapo na fimbo yake kuelekea mkutanoni.

Asiyekulia Ufipa ataona hili ni jambo la kuchekesha. Kwetu salamu haiishii mdomoni. Mkubwa akikusalimu unashuka, unachuchumaa au unapiga goti, unakutanisha viganja na kuvipiga polepole, na unabaki chini mpaka amemaliza kuuliza habari za nyumba, za shamba na za mifugo. Na akiwa mama mkwe, ni mara mbili ya hayo. Miaka thelathini na moja Mathias hakuwahi kumsalimu Bibi Coleta akiwa amesimama. Alimsalimu hivyo sokoni, kanisani, kwenye matope, na siku alipompelekea habari ya kifo cha bintiye, alipiga goti kwanza na kupiga viganja kwanza, ndipo akasema.

Magoti yalikunjika yenyewe. Akageuka, akachutama ndani ya maji, viganja vikakutana. Pa. Pa.

Mara mbili tu. Mshipi ulilegea kwa muda wa makofi mawili, na kambale akatikisa kichwa.

"Shika!" Mayunga alipiga kelele kutoka kwenye tuta. "We mzee, shika!"

Mathias alishika. Mshipi ulipita kati ya vidole vyake ukavipasua, ukakaza mara moja, halafu ukawa mwepesi. Maji yalichafuka mpaka karibu na mti uliooza, kisha yakatulia. Ndoano ilirudi na kipande cha ini.

Mathias alikuwa bado amechutama, maji yamempanda kiunoni.

Mayunga akafika akihema, mguu mmoja peku. Aliangalia maji, akamwangalia mzee, akamwangalia bibi. Akajishika kichwa. "Ninyi Wafipa! Jamani, ninyi Wafipa! Simba akija amemshika mtu miguu, mtamuuliza kwanza hali ya watoto?"

"Kelele, wewe," alisema Bibi Coleta. Alikuwa ameshuka tuta kwa matako, fimbo mbele, mpaka ukingoni. "Mathias. Ulikuwa umeshika nini?"

"Samaki, mama."

"Samaki yupi?"

"Yule."

Macho ya Bibi Coleta yalikuwa na ukungu wa uzee, akayakaza kwenye maji kana kwamba yangemrudishia kitu. "Na kwa nini ulimwachia?"

"Nilikuwa nakusalimu."

"Mimi?" Fimbo ilipiga tope. "Mimi kizee wa miaka sabini na sita, ninakwenda wapi? Ningengoja! Ningekaa hapa juu mpaka jua lizame, ningengoja! Kwani ningekufa kwa kukosa salamu yako, pumbavu wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Usiniambie ndiyo! Na uinuke huko majini!"

Akainuka. Damu ilikuwa ikitiririka kutoka vidole vitatu na kudondoka kwenye matete, naye akaitazama kama damu ya mtu mwingine. Hakuhisi maumivu. Bibi Coleta ndiye aliyeiona vizuri, akachana ukingo wa kitenge chake kwa meno, akamfunga mkono, akiwa bado anamtukana. Halafu matusi yakaisha, akabaki anafunga tu.

"Mkia?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Umekatwa. Kona ya juu."

"Mkasi wa mwanangu."

"Ndiyo."

Mayunga alitupa tena ini lililobaki, akavuta, akatupa, mpaka likaisha. Kambale aliyekwisha kuonja chuma harudi siku hiyo. Wote watatu walilijua hilo.

Mkutanoni viti vya plastiki vya kukodi vilikuwa vimepangwa mbele ya ofisi ya kijiji. Bwana Adolfu alikuwa amevaa koti zito na alionekana mwenye heri. Akamwona Mathias anaingia, suruali inachuruzika, mkono umefungwa kitenge, hana samaki, ana kizee mmoja tu pembeni yake.

"Mzee wetu. Samaki yuko wapi?"

"Nilimpata," Mathias alisema. "Akaniponyoka."

Kicheko kilipanda kutoka viti vya nyuma. "Ungetuletea hata magamba!" mmoja akadakia. "Kambale ana magamba, mjinga wewe?" akajibiwa, na kicheko kikapanda mara ya pili. Mathias alingoja kiishe.

"Alama ipo. Nimeiona kwa macho yangu."

"Mzee," alisema Bwana Adolfu, kwa upole kabisa, "mimi nilisema samaki. Sikusema habari za samaki."

Ndipo Bibi Coleta akasimama. "Nilikuwepo."

Watu wakageuka kumtazama. Kizee yule alikuwa amefundisha katekisimu miaka arobaini. Nusu ya waliokaa pale walipata Komunyo ya kwanza baada ya kupita mikononi mwake. Angesema neno moja, hakuna kinywa ambacho kingelibisha. Hata Bwana Adolfu alifungua kifuniko cha kalamu.

"Umemwona samaki, mama?"

"Niliona maji yanaruka. Niliona kitu kikubwa."

"Na mkia uliokatwa? Uliuona?"

Mathias alimtazama mama mkwe wake. Aliona midomo yake inavyofunguka. Wote walijua kwamba mkia ulikuwa umekatwa. Luciana, katibu, aliyebeba ndoo mpaka begani kukachubuka, alijua. Beda, ambaye mama yake alibeba ndoo ya tatu, alijua. Ilikuwa kweli tupu. Mkutano ulihitaji tu mtu wa kuisema kama shahidi.

"Macho yangu," alisema Bibi Coleta, "hayafiki mkiani."

Akakaa.

Basi. Watu wenye mihuri wanaweza kuandika kwamba bwawa lililochimbwa kwa utosi wa watu halina mwenyewe, wakalala usingizi, na kizee mmoja hawezi kuongeza mkia juu ya samaki aliyekuwepo. Ndivyo tulivyolelewa, na waliotulea hivyo hawakutuambia kwamba tutakutana na waliolelewa vingine.

Bwana Adolfu alifunga kalamu. Akasoma azimio. Akauliza wanaopinga. Mikono mitatu ilipanda: wa Luciana, wa Bibi Coleta, na wa Mathias ukiwa na kitenge chake. Beda aliangalia viatu vyake. Alois, mjumbe, ambaye shamba lake la ulezi linapakana na bwawa na ambaye alimwambia kila mtu kilabuni kwamba watapita juu ya maiti yake, alikuwa amepata simu ya ghafla, akawa anaipokea nyuma ya ofisi. Watu mia na zaidi walikaa kimya, na kimya chao kikaandikwa kuwa ni ndiyo. Uzio utaanza mwisho wa mwezi. Mkutano ukafungwa kwa sala.

Mathias hakuondoka. Hakuwa amekataa kuondoka. Hakuona tu sababu ya mguu mmoja kutangulia mwingine. Bibi Coleta alisimama karibu yake kwa muda, akamgusa bega, jambo ambalo mama mkwe hamfanyii mkwe, akaenda zake na fimbo. Viti vilikusanywa pande zote mpaka vikabaki viwili, chake na kimoja kilichovunjika mguu.

"Baba, samahani," alisema kijana wa viti. "Naomba hicho."

Mathias akampa.

Alirudi bwawani kwa sababu ndoo yake ilikuwa huko. Mayunga alikuwa juu ya tuta, kanda mbili zote mbili miguuni, ng'ombe wamejipanga chini wakisubiri kuruhusiwa. Hakuuliza mpaka mzee alipokaa.

"Vipi?"

"Wamechukua."

Mayunga alitikisa kichwa. "Tunanywesha mpaka lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Siku kumi na mbili." Aliwatazama ng'ombe wake. Hakutania. "Na yule samaki?"

"Yumo."

"Atakuwa wa kwao."

"Ndiyo. Na watoto wake."

Damu ilikuwa imekauka kwenye kitenge, na vidole vilianza kuuma sasa, taratibu, kimoja baada ya kingine. Mathias aliviacha viume. Mayunga akapiga mluzi, na ng'ombe wakateremka wote kwa pamoja, wakaingiza midomo majini, wakanywa.